Kumwona daktari wa ngozi Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili kwa mgonjwa na familia yake

Mgonjwa wa ngozi anapofika kliniki Mbeya mjini, mara nyingi ameshapaka dawa kadhaa alizoelekezwa na jirani, shemeji au muuza duka. Mojawapo karibu kila mara ni ile tyubu ya mchanganyiko: ndani yake kuna steroidi kali, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria kwa pamoja. Bei yake ni ndogo na inatuliza muwasho ndani ya siku mbili, ndiyo maana inapendwa. Shida ni kwamba steroidi inazima dalili huku fangasi wakiendelea kutambaa chini kwa chini. Duara lililokuwa na ukingo wazi, ambalo mhudumu yeyote angelitambua, linapoteza sura na kupanuka, na siku ukiacha kupaka linarudi kwa nguvu zaidi. Daktari anabaki kusoma daftari lililofutwa maandishi.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mbali kidogo na mlango wa daktari. Unayoyafanya wiki mbili kabla ya kumwona, na unayoyafanya mwezi mzima baada ya kumwona, yana uzito kuliko dakika chache utakazokaa naye.

Jua kwanza unakwenda wapi, na kama ni leo

Upele wa familia nzima, funza, jipu, choa kidogo mkononi, tetekuwanga ya mtoto mwenye afya: haya zahanati na kituo cha afya vinayamudu. Anzia hapo. Ukitumia dawa ipasavyo kwa wiki nne na hali haibadiliki, au inarudi kila unapomaliza dawa, omba rufaa.

Usingoje hata hizo wiki nne kama una baka lisilosikia ukiguswa, doa jeusi unyayoni au chini ya ukucha linaloendelea kukua, au nywele zinazonyonyoka na kuacha kovu. Kidonda ambacho hakijapona kwa mwezi kinaingia humu, na zaidi sana kidonda kilichofumuka juu ya kovu la zamani la moto. Hili la kovu nalisema kwa mkazo. Huku kwetu moto unawashwa ndani kwa sababu ya baridi, watoto wanalala jirani na jiko, na watu wazima wengi wana makovu tangu utoto. Kidonda kinachoanza juu ya kovu la miaka mingi kinaweza kuwa saratani. Kipimwe kabla ya kupakwa asali au unga wa miti.

Kuna mambo yasiyosubiri siku ya kliniki kabisa. Mtu ameanza dawa mpya, iwe Septrin, SP ya malaria au dawa ya kifafa, kisha midomo ikachubuka, macho yakawasha na kuwa mekundu, malengelenge yakatokea na ngozi ikaanza kubanduka. Asimeze dozi nyingine ya dawa hiyo, apelekwe idara ya dharura usiku huohuo akiwa na dawa zake zote mkononi. Hali hii inaua. Mwahishe vilevile mwenye mguu uliovimba, unaochoma na kuuma huku homa ikipanda. Mwenye uso au ulimi uliovimba ghafla na pumzi zinamkaba. Mtoto mchanga mwenye malengelenge. Na mwenye mkanda wa jeshi uliofika karibu na jicho au ncha ya pua.

Rufaa, bima na siku ya kliniki

Ngazi zinajulikana: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Juu ya hapo kuna Hospitali ya Taifa Muhimbili; KCMC ya Moshi nayo ni ya kanda. Mwenye bima afuate ngazi na aombe barua ya rufaa, maana bila barua anaweza kufika dirishani akaambiwa alipie mwenyewe. Anayelipa taslimu anaweza kwenda moja kwa moja, ila ada ya kumwona bingwa ni kubwa kuliko ya daktari wa kawaida, na vipimo vinalipiwa pembeni.

Piga simu kwanza, au mtume ndugu aliye mjini akaulize kliniki ya ngozi ni siku gani, kwa sababu haifanyiki kila siku. Anayetoka Matamba au Ileje akifika siku isiyo yake ameshatumia nauli ya kwenda na kurudi bila kuonwa. Kwa aliye Makete, uliza pia hospitali ya Ikonda. Kwa Iringa vijijini, uliza hospitali ya Tosamaganga.

Madaktari bingwa wa ngozi nchini ni wachache. Wapo pia maafisa tabibu waliosomea magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi, katika kituo cha RDTC kilichofunguliwa mwaka 1992. Ukiambiwa mtaalamu wa hospitali ya mkoa wenu ni mmoja wao, mwende mkiwa na imani. Wamefundishwa kazi hii hasa, na magonjwa mengi ya kawaida wanayatibu vizuri.

Maandalizi ya nyumbani

Dawa za kupaka za fangasi na zile za mchanganyiko ziache kama wiki mbili kabla ya kuonwa, ili kipimo cha kukwangua ngozi kisidanganye. Paka mafuta ya mgando peke yake. Dawa za kumeza za presha, kisukari, kifafa, ARV au steroidi za vidonge usiziache. Hizo zinaachwa kwa amri ya daktari tu. Na kama umepaka steroidi kali au mkorogo usoni kwa miezi mingi, usikate ghafla ukiwa peke yako. Uso unaweza kuvimba na kuwaka vibaya. Mwambie daktari akupangie namna ya kupunguza.

Kusanya kila ulichopaka: tyubu tupu, makopo, sabuni, dawa ya kienyeji, losheni iliyochanganywa saluni. Weka vyote kwenye mfuko mmoja uje navyo. Watu wanaona aibu kutoa kopo la mkorogo mbele ya daktari, na aibu hiyo inawagharimu, maana ugonjwa wenyewe mara nyingi umetoka ndani ya kopo hilo.

Piga picha kwa simu mchana, karibu na dirisha, siku ambayo hali ni mbaya. Mabaka ya mzio yanaweza kutoweka kabisa asubuhi ya kliniki, ukabaki huna cha kuonyesha. Siku yenyewe usipake mafuta wala vipodozi, futa rangi ya kucha, na kama tatizo ni la kichwa fumua nywele nyumbani. Vaa nguo nyepesi kuvua. Najua asubuhi ya Julai Uyole au Njombe mtu anavaa sweta mbili na koti, lakini ndani iwe shati la vifungo.

Kisha andika kwenye karatasi: ilianza lini na wapi mwilini, inawasha usiku kuliko mchana au hapana, nani mwingine nyumbani anajikuna, dawa gani umemeza miezi miwili iliyopita, una mimba au unanyonyesha, na unafanya kazi gani. Kazi ina maana kubwa ukanda huu. Mchuma pareto anaweza kupata mzio wa maua yenyewe, ngozi ikawasha na kupasuka kwenye kope, shingo na mikono, na akatibiwa fangasi mwaka mzima bila nafuu. Fundi ujenzi hudhuriwa na saruji. Anayepuliza dawa kwenye viazi au nyanya bila glovu anaweza kuwa ameibeba sumu kwenye nguo mpaka kitandani.

Ndani ya chumba cha daktari

Atakuomba uvue zaidi ya ulivyotegemea. Baka la mkononi linaweza kuwa na ndugu zake mgongoni, kinenani au kwenye kucha, na hao ndio wanaotaja jina la ugonjwa. Kama unaona haya, omba muuguzi wa jinsia yako abaki chumbani. Ni haki yako.

Kwenye ngozi nyeusi uvimbe wa ngozi hauonekani mwekundu kama picha za vitabuni. Unaonekana kama weusi uliokolea, zambarau au kijivu. Mwonyeshe ulipoanzia na rangi ya ngozi yako ya kawaida ilivyo.

Vipimo ni vichache na havitishi. Kukwangua ni kuparuza magamba kwa wembe butu juu ya kioo, yawekwe matone ya dawa kisha yaangaliwe kwa hadubini, hakuumi. Kuchukua kinyama kunafanywa kwa kijibomba chenye makali, upana wake milimita chache, baada ya sindano ya ganzi. Sindano inachoma, baada ya hapo unasikia kusukumwa tu. Unashonwa uzi mmoja au miwili, na majibu huchukua wiki kadhaa.

Daktari akipendekeza upime VVU au kaswende, usidhani amekuhukumu. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU nchini, na ngozi hutangulia kutoa habari: mkanda wa jeshi kwa kijana, vipele vya muwasho vilivyozagaa mikononi na miguuni kwa miezi, madoa ya zambarau. Anayejua mapema anaanza dawa mapema.

Usitoke kabla hujajua ugonjwa unaitwaje, dawa inapakwa wapi na kwa siku ngapi, na urudi lini. Mwambie akuandikie jina. Kama hajui bado, aandike anachokishuku.

Upele: tibu nyumba nzima siku moja

Nauweka mbele kwa sababu ndio unaotibiwa vibaya kuliko yote. Muuguzi mmoja alimpokea mama aliyeleta binti wa miaka sita, mara ya tatu kwa tatizo lilelile.

"Mama, analala na nani?"

"Na wadogo zake wawili, kitanda cha bibi yao."

"Na bibi anajikuna?"

"Anajikuna, ila anasema ni uzee."

Muuguzi akauleta mkono wa mtoto kwenye mwanga wa dirisha, akatanua vidole. Kwenye ile ngozi laini kati ya vidole palikuwa na vijistari vifupi vya kijivu, kila kimoja kikiishia na kinukta. Hivyo ni vijia vya mdudu wa upele. Kwapani, kwenye kitovu, viganjani, kiunoni, kwenye uume na kuzunguka chuchu ndiko anakopenda kukaa. Usiku chini ya blanketi, mwili ukipata joto, muwasho unakuwa mkali.

Dawa ni permethrini ya asilimia 5, au ile ya majimaji ya BBE (benzili benzoeti) ya asilimia 25 ambayo kwa watoto wadogo huongezewa maji kama mtoa dawa atakavyoelekeza. Permethrini inapakwa jioni kuanzia shingoni hadi nyayo, bila kuruka mahali: kati ya vidole, chini ya kucha, kwenye makalio, sehemu za siri. Mtoto wa chini ya miaka miwili apakwe na kichwani, kuepuka macho na mdomo. Inakaa usiku kucha, mtu anaoga asubuhi, na inarudiwa baada ya siku saba. Wote wanaolala nyumba hiyo wapake usiku uleule, hata asiyejikuna. Ukinawa mikono, paka tena mikono. Vidonge vya ivermektini vipo pia, ila havipewi mjamzito wala mtoto wa chini ya kilo 15.

Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto au yapigwe pasi. Mablanketi mazito na masweta yasiyofulika yafungwe kwenye mfuko wa nailoni kwa wiki nzima. Kwenye baridi na unyevu mdudu huyu anaishi nje ya mwili muda mrefu kidogo kuliko kwenye joto, kwa hiyo usifungue siku ya tatu. Halafu jueni hili mapema: muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata mdudu akiwa amekufa. Kupaka dawa kila siku kwa hofu kunaunguza ngozi na kuleta muwasho mwingine.

Fangasi: kichwa kina dawa yake

Choa cha mwilini kinapona kwa klotrimazoli au terbinafini ya kupaka, mara mbili kwa siku, ukivuka ukingo wa duara kwa upana wa vidole viwili, na ukiendelea wiki moja hadi mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Wengi wanaacha siku muwasho unapokoma.

Mapunye ya mtoto ni habari nyingine. Fangasi wameingia ndani ya unywele, na dawa ya kupaka haiwafikii. Inahitajika ya kumeza, griseofulvini kwa wiki sita hadi nane au terbinafini kwa muda mfupi zaidi, kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Griseofulvini inafyonzwa vizuri ikiwa na chakula chenye mafuta, basi mpe na maziwa au parachichi, navyo huku kwetu havikosekani. Kunyoa peke yake hakutibu. Kila mtoto awe na kitana chake, na mashine ya kinyozi isafishwe kwa dawa.

Utangotango, yale mabaka mepesi ya kifuani na shingoni, unapona haraka ila rangi inachelewa kurudi, hata miezi kadhaa. Hapo dawa imefanya kazi, usiongeze.

Pumu ya ngozi na baridi ya Juni

Kuanzia Juni hadi Agosti upepo mkavu na baridi ya Makete, Mufindi na Njombe hukausha ngozi, na mtoto mwenye pumu ya ngozi anajikuna viwiko na nyuma ya magoti mpaka damu. Mzazi anaona uchafu, anamsugua kwa sabuni ya dawa na maji ya moto, na hali inazidi.

Fanya hivi. Mwogeshe mara moja kwa siku kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, na sabuni isiyo na harufu ipakwe kwapani, kinenani na miguuni tu. Mkaushe kwa kugusagusa. Kabla unyevu haujaisha mwilini, ndani ya dakika tatu hivi, mpake mafuta ya mgando mwili mzima, tena kwa wingi. Rudia jioni. Sweta la sufi lisiguse ngozi; avae fulana ya pamba ndani. Asikae akiota moto uso kwa uso na jiko.

Ngozi inapowaka, steroidi ina kazi yake halali. Hapa familia zinakosea pande zote mbili: wengine wanaipaka miaka, wengine wanaiogopa mpaka mtoto halali usiku. Ikipangwa na daktari, isiyo kali usoni na kwenye mikunjo, yenye nguvu zaidi mwilini, kwa siku chache mpaka ngozi itulie, ni salama. Kipimo ni hiki: mstari wa dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza ni karibu nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili.

Chunusi, weusi na mkorogo

Chunusi zinahitaji uvumilivu wa wiki nane hadi kumi na mbili. Benzoili peroksaidi au adapalini inapakwa usoni pote palipo na tatizo, kiasi cha punje ya njegere, kwa kuwa kupaka kila kipele peke yake kunaacha vinavyokuja. Mafuta mazito ya nywele yanayoteremka kwenye paji la uso yaache. Isotretinoini ya vidonge haipewi kabisa mwenye mimba wala anayetarajia kushika mimba, kwa sababu inaharibu kiumbe.

Weusi unaobaki baada ya chunusi ni kovu la rangi, na hufifia kwa miezi. Kinachowaumiza dada zetu ni kuukimbilia kwa mkorogo. Haidrokwinoni ikitumika ovyo kwa muda mrefu huleta weusi wa kibuluu ambao ni mgumu mno kuondoka, zebaki huharibu figo, na steroidi huifanya ngozi ya uso kuwa nyembamba mpaka mishipa ionekane. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na Shirika la Viwango (TBS) ndilo linalovisimamia, lakini bado vinafichwa chini ya meza madukani. Ukiona kopo halina orodha ya viambato, liache.

Mengine kwa ufupi

Mkanda wa jeshi hukaa upande mmoja wa mwili, na maumivu hutangulia malengelenge. Asiklovia hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72, kwa hiyo usipoteze siku hizo kutafuta aliyekuroga.

Baka lisilo na hisia linaweza kuwa ukoma. Gusa kwa pamba huku umefumba macho. Dawa zake ni bure, kwa miezi sita au kumi na mbili, na ukianza mapema vidole na macho vinabaki salama.

Ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji uangalizi wa ziada, kwa sababu kadiri unavyopanda juu jua linachoma zaidi, hata siku ya baridi na mawingu. Kofia pana, mikono mirefu, kukaguliwa ngozi kila miezi sita, na mafuta ya kuzuia jua. Uliza kliniki kuhusu Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili yao.

Baada ya kurudi nyumbani

Weka siku ya kurudi kwenye kalenda ya simu na urudi hata kama umepona, maana daktari anataka kuona ngozi ilivyopokea dawa. Duka likikosa dawa uliyoandikiwa, onyesha jina na asilimia yake, na piga simu kliniki kabla ya kukubali mbadala. Ukianza kuungua au kuvimba, acha kupaka, piga picha, toa taarifa.

Kama miezi mitatu imepita ukifuata kila kitu na hakuna mabadiliko, omba rufaa ya ngazi ya juu. Kabla hujasafiri, chukua nakala ya majibu ya kinyama pamoja na namba ya maabara iliyoandikwa juu yake, ili daktari mpya aweze kuomba sampuli ileile isomwe tena badala ya kukukata upya.